Picha za Muashi Zilivyokwama Tawi la Mlimani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, kazini anaitwa Mama Mtandao
Umri: miaka 36
Kazi: fundi wa kompyuta na mtandao, hospitali yenye matawi matatu
Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali kuu

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Nipo kituoni hapa tangu asubuhi. Nimeinuka na kukaa kwenye benchi la nje mpaka afande wa mapokezi akaniuliza kama nimekalia misumari. Nitajitahidi kueleza kwa mpangilio.

Hospitali yetu ina majengo matatu: Kuu, Sokoni na Mlimani. Kila jengo lina seva yake, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya hapo, na kila tawi hufungua mafaili ya wenzake kupitia mtandao. Mashine ya kupiga picha za kichwa iko Mlimani peke yake. Daktari wa upasuaji wa kichwa yuko Kuu peke yake. Kwa hiyo mgonjwa anapigwa picha Mlimani, anapakiwa kwenye gari la wagonjwa, na kabla hajashushwa Kuu daktari anakuwa ameshaziona. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, majira ya saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa Sokoni nikihangaika na printa ya chumba cha dawa. Simu ikaita. Alikuwa daktari wa upasuaji mwenyewe, ambaye hajawahi kunipigia. Alisema, "Nina muashi hapa, ameanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mboni ya jicho moja imeshapanuka, damu inaukandamiza ubongo. Nafungua folda ya Mlimani, naambiwa sina ruhusa. Nikate wapi?"

Nilimwambia anipe dakika chache. Sikujua kama ninazo.

Nilijaribu kwa kompyuta ya pale pale. Folda ya Kuu ilifunguka. Ya Mlimani ilinikatalia kwa maneno yale yale: huna ruhusa. Nikajua waya ni mzima, maana jibu lilikuwa linarudi. Nilimpigia mtaalamu wa mionzi wa Mlimani. Huyo tunamwita Tabasamu, kwa sababu kila mgonjwa humwambia atabasamu wakati anapiga picha ya mifupa. Siku hiyo hakuwa na utani. Alisema, "Dada, kwangu zinafunguka. Naziona hapa. Nimepiga picha ya skrini kwa simu nikamtumia daktari, anasema anaona ukungu tu. Nimemsimulia kwa mdomo, anasema hawezi kupasua mtu kwa hadithi."

Kabla sijakata, daktari alikuwa ananipigia tena. Safari hii aliyeongea kwenye simu yake alikuwa mkuu wa utawala. Akaniuliza, "Nani anaweza kuifunga ile folda?" Nikamjibu kuwa ni mimi na Tabasamu. Akasema, "Basi ni yeye. Wiki jana nimemnyima uhamisho, sasa ananikomoa." Nilimwambia bado sijajua tatizo ni nini. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, na nyuma yake nilisikia kelele za korido, watu na vitanda vya magurudumu.

Niliomba gari nikaenda Mlimani. Njiani nilijaribu kuwaza lakini mawazo hayakukaa. Dereva aliniambia nisipige dashibodi vile, gari haliongezi mwendo kwa kugongwa.

Mlimani nilikuta mafundi umeme juu ya ngazi. Walikuwa wamezima jengo zima asubuhi kubadilisha swichi kubwa, kisha wakawasha. Hakuna aliyeniarifu. Niliingia kwenye chumba cha seva, ambacho kwa kweli ni stoo yenye mlango wa chuma, Tabasamu akiwa nyuma yangu. Nilizipitia ruhusa za folda moja moja. Daktari alikuwemo. Hakuna aliyeondolewa, na hakuna kilichobadilishwa. Nilizima huduma ya kushirikisha mafaili nikaiwasha upya. Daktari akajaribu, ikamkatalia. Akasema maneno mawili tu, "Mboni ya pili," akakata simu.

Nilirudi kwenye orodha ya ruhusa. Tabasamu akaniuliza, "Dada, mbona hii inasema ni mwaka mpya?" Alikuwa anaonyesha pembe ya chini ya skrini. Saa ya seva ilikuwa inasoma tarehe mosi Januari ya miaka mingi iliyopita.

Naomba hili liandikwe vizuri. Seva za matawi hutambuana kwa majina na kwa saa. Saa zikipishana zaidi ya dakika tano, seva moja humchukulia mtu anayetoka kwa mwenzake kama mgeni asiyejulikana na kumfungia mlango. Ndani ya seva kuna betri ndogo, kama sarafu, inayotunza saa umeme ukikatika. Ya Mlimani ilikuwa imekufa. Umeme uliporudi, seva iliamka haijui leo ni lini. Hakuna mtu aliyefunga kitu.

Nilirekebisha tarehe na saa, nikampigia daktari. Nilisikia akibonyeza kitufe. Kisha akasema, "Zimekuja," na simu ikakatika.

Tulikuwa bado tumesimama pale wakati mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya mchomeleaji alipoingia. Aliuliza Tabasamu ni nani. Mwenzangu akadhani ni mgonjwa, akamjibu, "Ni mimi, kaka, karibu." Yule mtu akanyanyua stuli ya chuma. Akasema, "Mdogo wangu anakufa, na mkubwa wenu ametamka mbele yangu kwamba wewe ndiye umezifunga picha zake." Tabasamu alikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Nilimng'ang'ania yule mtu shati kwa nyuma nikimwambia picha zimeshafika, daktari anazo. Nadhani hakunisikia. Mafundi umeme wakashuka wakamshika. Tabasamu alikuwa amekaa sakafuni, vidole vimepinda. Aliniuliza, "Vipande vyote vya picha vimefika? Muulize daktari, viko zaidi ya mia."

Polisi walifika, na aliyewaita ni mkuu wa utawala. Waliondoka na Tabasamu kwa tuhuma ya kuficha picha za mgonjwa. Mchomeleaji walimwachia akarudi kwa ndugu yake.

Jana jioni mkuu wa utawala alinipigia. Alisema, "Wewe sema ulikuta ruhusa zimeondolewa. Ukitaja betri, wataanza kuuliza nani alikataa kuinunua ulipoiomba." Nilimjibu kuwa nitasema nilichokikuta. Akasema, "Basi uifikirie na hiyo nyumba unayokaa." Mama yangu mzazi na wanangu wawili wanalala katika nyumba hiyo. Sikupata usingizi.

Leo, nikiwa kwenye benchi, mchomeleaji alikuja akakaa pembeni yangu. Alinitambua. Alisema, "Mdogo wangu amefumbua macho. Ameniita jina langu, akalalamika kiu." Nikamwambia nimefurahi, na ni kweli nilifurahi. Kisha akauliza, "Yule bwana wa picha, hasa alifanya nini?"

Nikamwambia, "Hakufanya kitu kibaya. Wakati wewe unatafuta pikipiki ya kumfuata, yeye alikuwa anatafuta njia ya kumwokoa ndugu yako. Saa iliyoharibika yeye ndiye aliyeiona."

Akauliza hali ya mkono. Nikamwambia vidole vitatu vimevunjika, na mwenyewe yumo humu ndani. Aliinuka. Akaenda kaunta, nikamsikia akisema, "Afande, huyo mliyemfunga mtoeni. Mimi ndiye niliyempiga. Niwekeni mimi."

Nimeyaeleza kama yalivyotokea mbele yangu na masikioni mwangu. Nimesomewa, ni yangu, na nayatia sahihi.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya ofisa: Shahidi aliulizwa kama angependa sehemu inayohusu nyumba iondolewe. Alienda dirishani, akarudi akasema ibaki. Mtaalamu wa mionzi ametolewa mahabusu na kupelekwa kutibiwa mkono. Mchomeleaji yupo kituoni na anaandikwa maelezo. Mkuu wa utawala ameitwa afike leo kabla ya saa kumi. Simu yake inaita, haipokelewi.