Matokeo ya Nje ya Ukuta

7 Septemba

Profesa wangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Macho yako yanaendeleaje na hayo maandishi ya sisimizi unayosoma kila siku? Sisi wazima. Shangazi yako bado anagombana na cherehani. Mdogo wako ameng'oka jino la mbele, amelitia kwenye kiberiti na hataki mtu aliguse.

Mimi mstaafu nina kazi nyingi kuliko nilipokuwa kazini: asubuhi kumwagilia maua, mchana kubishana na Kinyozi, Jumamosi mpira wa Matofali. Jana timu yetu ilicheza na watu wa posta. Kipindi cha kwanza tukafunga. Nikapanda ngazi, nikatundika kibao cha 1 upande wetu wa ubao wa matokeo. Wakasawazisha. Karibu na mwisho tukapata la pili, uwanja ukatetemeka. Kinyozi anasema kipa wao anadaka mpira kama mwanamume anayepewa kichanga kwa mara ya kwanza. Mbili kwa moja!

Soma, lakini ule pia.

Babu yako

19 Septemba

Shikamoo Babu,

Natumaini mu wazima wote. Mimi sijambo, ila mafua kidogo. Pole na kazi za kustaafu.

Unajua mimi si msemaji bwenini. Lakini ripoti zako huwasomea wenzangu wawili, nao siku hizi hunitafuta wenyewe barua ikifika. Safari hii mmoja wao alibisha. Alisema gazeti la maktaba linaonyesha Matofali walifungwa mbili kwa moja. Nikaenda kuangalia. Ni kweli, Babu. Mkutubi ameniruhusu kukikata kipande hicho, nimekiweka humu ndani.

Nimekuambia kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba bango lenye kosa moja ni heri lisisimikwe. Tena vibao vya namba umevichora wewe na unavitundika wewe kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nadhani ulipitiwa tu wakati wa kuandika.

Mjukuu wako

6 Oktoba

Shikamoo Babu,

Hamjambo huko? Wiki zinapita na sijapata barua. Nimemuuliza karani wa shule mara tatu, hadi ameanza kutikisa kichwa akiniona tu mlangoni.

Kama nimekuudhi, nisamehe. Nilitaka kuwa sahihi. Sasa natamani ningekuwa nimekosea.

Mjukuu wako

14 Oktoba

Profesa,

Marahaba, mama. Hujaniudhi. Mzee akishikwa uongo na mtoto anayempenda, inabidi kwanza atafute pa kuweka uso wake.

Tangu Agosti siingii uwanjani. Wageni walifunga, nami nikatundika bao lao upande wetu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Wiki iliyofuata nikarudia. Mara ya tatu hakucheka mtu, na hilo ndilo lililoniuma. Mwenyekiti wa timu akanishika bega: "Mzee, umefanya makubwa. Sasa pumzika." Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa ngazi.

Miaka thelathini na minne katika karakana ya halmashauri nimechora mabango ya barabarani. Mishale yote ya mji huu, ya kulia na ya kushoto, ni mkono wangu. Leo mkono huohuo hauzijui pande zake. Daktari ana jina la ugonjwa huu. Mimi nimeliacha hukohuko kwake.

Kwa hiyo Jumamosi naketi kwenye benchi nje ya ukuta, nyuma ya goli. Kinyozi naye hataki kuingia, anasema humo ndani hana wa kumtukana. Tunahesabu kwa masikio. Matofali wakifunga, kelele huanza kwa mguno, hulipuka, kisha bati la jukwaa linapigwa mateke. Wageni wakifunga, ni kelele nyembamba ya upande mmoja. Siku ile watu wa posta walikuja na mabasi mawili. Basi, wakatudanganya.

Shangazi yako hajui. Na wale rafiki zako wawili, waambie babu yako alipitiwa.

Babu

22 Oktoba

Shikamoo Babu,

Nimeisoma barua yako mara nne, nyuma ya maktaba, peke yangu. Wenzangu sijawasomea. Nimewaambia ulipitiwa, wakasema hata waamuzi hupitiwa.

Tafadhali usiingie uwanjani bila mimi. Tunafunga shule tarehe 28 Novemba, na nimeona kwenye gazeti kwamba mechi ya mwisho ya msimu, nyumbani, ni kesho yake. Tutaingia pamoja. Wewe utakaa chini ya ngazi uniambie namba, mimi nitapanda niitundike. Kulia na kushoto niachie mimi. Najua watu watatutazama, na unajua ninavyoogopa kutazamwa. Nitapanda hivyohivyo.

Ungependa nije mapema? Wiki ijayo kuna mapumziko ya siku tatu, lakini nimejiandikisha kwa shindano la insha. Ukisema nije, nitaliacha.

Mjukuu wako

10 Novemba

Profesa,

Marahaba. Insha ilikwendaje? Usingethubutu kuliacha shindano, ningekurudisha shuleni kwa bakora. Tarehe 29 haiko mbali.

Nimemwambia mwenyekiti. Alikohoa, akatazama viatu vyake, akasema sawa. Kwa hiyo nimetoa brashi. Kibao cha 2 kilikuwa kimebabuka. Nimekipaka upya kwa siku tatu, maana mkono unataka kwenda kwao, nami naurudisha. Nyuma ya vibao vyote vya upande wetu nimechora tofali dogo jekundu. Wewe angalia tofali tu, hata mimi nisipokuwa na uhakika.

Kifua kinanibana kidogo asubuhi. Shangazi yako anapiga kelele kuliko bati la jukwaa. Usimjali.

Ngazi ile, kipago cha tano kimelegea. Kiruke.

Babu yako

29 Novemba

Shikamoo Babu,

Nimeandika salamu, kisha nimekaa kwa muda mrefu hapo unapoitikia. Sijui nifanye nini na mstari wa kukuuliza hali.

Jumatano mwalimu wa zamu aliniita kwenye simu. Shangazi alilia tu, nikaelewa. Wamenipa ruhusa, na jana tulikuzika. Mdogo wangu alitaka kukupa lile jino lake. Shangazi akamwachia, akalitia mfukoni mwako na kiberiti chake.

Leo nimekwenda. Kinyozi alikuwa ameshaketi kwenye benchi. Akasogea, akasema, "Kaa huku, ule upande ni wa babu yako." Tukaiacha nafasi yako wazi. Mwenyekiti akatoka nje akiwa na ufunguo mkononi. "Binti, vibao vinakungoja." Nikalishika benchi kwa mikono miwili. Kinyozi akanisemea: "Walipatana wawili. Mwache." Insha ilipata nafasi ya tatu, Babu. Ningekuja zile siku tatu.

Hii ndiyo ripoti.

Kabla ya filimbi kulikuwa na kimya cha dakika nzima. Kinyozi akavua kofia, ndipo nikajua kimya hicho ni chako. Kipindi cha kwanza ni filimbi tu na matusi ya kawaida. Kipindi cha pili nikasikia mguno, ukalipuka, bati likapigwa hadi ukuta ukatuma vumbi kichwani kwangu: moja. Baadaye ile nyembamba, ya upande mmoja: moja kwa moja. Dakika za mwisho zikaja kelele mbili kwa pamoja, nene na nyembamba, na sikuweza kuzitenganisha. Nikamgeukia Kinyozi. Alikuwa amefunika uso kwa kofia yake, hakuwa akihesabu chochote.

Nimeandika mbili kwa moja, tumeshinda. Sikuingia kuutazama ubao, na gazeti sitalifungua.

Kama nimekosea, Babu, nisahihishe.

Mjukuu wako,
Profesa