Orvane Alisema Nini?

Jumamosi, 3 Agosti 2002

Sauti imekwisha! Naandika huku nakunywa maji ya tangawizi aliyonichemshia Mama. Leo ilikuwa episodi ya tano ya *Ngome ya Isvar*, na watu zaidi ya thelathini wameingia ndani ya ile ngome kwa mdomo huu wangu mmoja.

Bila mimi wangeona farasi tu. Televisheni inasema Kifaransa, na nusu ya wanaojaa karakana ya Moubarak hawajui zaidi ya bonjour. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu hapa mtaani Buyenzi. Orvane, yule mwanamke wa filamu, anasema. Moubarak — fundi redio, mwenye televisheni, mwenye makelele — anapunguza sauti. Mimi nasema kwa Kiswahili. Anapandisha tena. Zamani nilikuwa natafsiri. Sasa naigiza! Mkuu wa jeshi la majivu nimempa sauti ya mzee mwenye pumu, na watu wanashika mbavu.

Lakini leo hawakucheka. Jeshi la majivu limefika. Orvane ndiye mlinzi wa lango, na lango lenyewe ni jiwe linalomsikia yeye peke yake duniani. Nje bado kuna watu arobaini wanakimbia. Mmoja ni Darel, mzee mwenye mguu mbovu, aliyemlea Orvane tangu mchanga. Orvane akaweka kiganja juu ya jiwe. Akaliambia: fungika. Likafungika!

Karakana ilichafuka. Rénovat, mpakizi wa bandarini, alipanda juu ya benchi: "Ule si mutu! Ule ni shetani!"

Moubarak: "Angeacha wazi, batu bote ba ndani bangekufa. We ungefanya je?"

"Mi ningefungua!"

"We? We hata mbwa ikibweka unaingia chini ya kitanda!"

Mpaka magharibi. Muadhini aliadhini, wakanyamaza, akamaliza, wakaendelea.

Pascaline hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, polepole: "Ningekuwa juge wa mahakama, ningemunyonga." Pascaline ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Nilicheka kwa mazoea. Kisha nikamkumbuka kaka yake, nikaacha.

Mama alikuwa karibu na mlango kama kila Jumamosi, sinia la maharage magotini, anachagua mawe. Lango lilipofungika mikono yake ilisimama.

Jumatatu, 5 Agosti

Bandarini hakuna kazi, kuna Orvane! Naketi ofisini kupiga taipu karatasi za forodha za meli ya Kigoma, wapakizi wananiita dirishani. Wamegawanyika: Wafungaji na Wafunguaji. Rénovat ni mkuu wa Wafunguaji. Amebeba gunia la unga begani, anasimama katikati ya njia kujibishana, gunia bado liko begani! Bosi alitoka kuwafukuza. Mwisho naye akauliza: "Lakini huyo Darel, hakuwa na njia nyingine ya kupita?"

Jioni Sylvère alishuka kutoka Mutanga Sud, mtaa wa mlimani. Anasoma chuo kikuu, na ndiye mtu pekee tunayemjua aliyesoma kitabu chenyewe ambacho filamu imetolewa humo. Basi anajiona sharifu. Nilimuuliza: Orvane alimsikia Darel akigonga, au hakumsikia?

Akasema kitabu hakisemi. Lango linafungika, sura inakwisha. Mwandishi amenyamaza makusudi, msomaji ahukumu mwenyewe.

Nikamwambia huo ni uvivu wa mwandishi. Alikasirika sana. Nilifurahi sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Umeme umekatika mji mzima tangu asubuhi, hata kwenye kituo cha televisheni. Hakuna episodi. Watu walikuja vilevile! Walikaa mbele ya televisheni iliyozimika, wakabishana saa mbili. Rénovat aliigiza Darel, akachechemea karakana nzima, akaangusha redio ya mteja. Sijacheka hivyo tangu mwaka jana.

Milio ya bunduki kule milimani kama saa kumi. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimefanya kitu. Sijui nimefanya nini.

Episodi ya sita. Sylvère hakufika, barabara ya juu ilifungwa, askari wanapekua. Orvane yuko peke yake kwenye ngazi, lango nyuma yake. Anasema na jiwe. Mimi niko tayari, koo nimelisafisha, najisikia malkia. Anasema kwa Kifaransa, wazi kabisa, neno kwa neno: Nilimsikia. Aliita jina langu mara tatu. Niliijua sauti yake, na sikufungua.

Moubarak akapunguza sauti.

Watu wote wananitazama. Pascaline mbele, viganja mashavuni. Mama mlangoni. Na mdomo wangu ukasema: "Sikusikia kitu. Upepo ulikuwa mwingi. Ningelijua ni yeye, ningefungua."

Moubarak akapandisha sauti. Basi! Imekwisha, haraka hivyo.

Wafungaji walishangilia mpaka mabati yakalia. Rénovat alishika kichwa: "Yoo! Kumbe hakujua!" Na Pascaline akalia. Alilia vizuri, kama mtu anayetua mzigo. Akasema mbele ya watu: "Kama hakujua, mi namusamehe. Pengine hata bale bengine hawakujua." Halafu akamtaja Salvator. Miaka saba sijamsikia akitaja jina la kaka yake!

Mama aliondoka kabla ya mwisho. Sinia lilibaki kwenye kiti.

Jumapili, 18 Agosti

Daftari hili halisomwi na mtu. Naandika.

Mwaka tisini na tano. Saa nane mchana, jua kali. Vijana wa genge la vita walikuwa wanapita barabarani na mapanga, wanatafuta watu wa kuua. Ndani ya ua wa parseli yetu Mama alikuwa ameficha watu kumi na mmoja: jikoni, chini ya vitanda, mmoja ndani ya pipa la maji. Wengine hata majina yao hatukuyajua. Mtoto mchanga mmoja, mama yake amemziba mdomo kwa ziwa.

Lango likagongwa. "Mama Adija! Mama Adija, ni mi!"

Salvator. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ndiye aliyetutengenezea komeo la lango lile lile, na Mama alimlipa kwa sahani ya pilau.

Nilikimbia kufungua, nikashika komeo. Mama alinidaka kwa kanga. Alitikisa kichwa tu. Nyuma ya Salvator tulisikia viatu vya wale vijana, wengi, karibu. Aliita mara nyingine. Kisha viatu. Walimkuta kwenye kona, nyumba nne mbele, wakammaliza.

Kumi na mmoja waliondoka wazima. Mmoja hutuletea embe kila mwaka mpaka leo. Na mimi na Mama hatujawahi kulisema. Hata mara moja! Tunasema juu ya chumvi, juu ya bei ya mkaa, juu ya ndoa yangu isiyokuja.

Sasa mwanamke wa televisheni amelisema mbele ya mtaa mzima, na mimi nikamnyamazisha. Kwa ajili ya nani? Ya Mama? Ya Pascaline? Au yangu mimi, niliyeshika komeo nikaliachia?

Jumanne, 20 Agosti

Pascaline alikuja na sukari na habari. Amelala usiku kucha, mara ya kwanza tangu sijui lini. Amemwambia mama yake kisa cha Orvane, na mama yake naye amelia. Anasema Salvator aligonga malango mengi siku ile, watu walimwambia. Pascaline alikuwa anawachukia wote, kila mwenye lango. "Sasa naona pengine ni upepo," akasema, akacheka kidogo.

Nikasema ndiyo.

Mama alikuwa anapiga pasi. Pasi ilikaa mahali pamoja mpaka shuka likanuka.

Jumamosi, 24 Agosti

Siri ya mtungi muulize kata. Kata ni Sylvère!

Alifika saa kumi na nusu, mapema, nywele zimesimama kwa hasira. Ameiona episodi ya sita kule chuoni. Hata salamu hakutoa: "Wameharibu kitabu! Kwa nini wamemfanya akiri? Kitabuni hakiri! Hapa anasema wazi alimsikia Darel, eti mara tatu, eti aliijua sauti!"

Halafu vichwa thelathini vikageuka kwangu, vyote pamoja.

Rénovat: "Adija. Alisema hakusikia. Ni we ulisema."

Nikajitetea. Nikasema nilifuata kitabu. Nikasema filamu imekosea na mimi nimeisahihisha, mwandishi angenishukuru. Uongo mtamu! Na uliwaka moto, maana mara moja wakaacha kunitazama wakaanza kubishana wao kwa wao: kitabu ni baba, filamu ni mtoto, mtoto anaweza kumkana baba? Sylvère akasema mtafsiri ni mwizi. Moubarak akasema mtafsiri ni mpishi, na wewe Sylvère hujawahi hata kuchemsha yai. Rénovat akadai Orvane ahukumiwe upya tangu mwanzo. Ulikuwa mjadala mkali kuliko yote! Nusu yangu ilikuwa inafurahi, siwezi kujidanganya. Nilidhani nimepona.

Pascaline alinivuta pembeni, karibu na pipa la betri kuukuu.

"Mi sikusamehe kitabu," akasema. "Nilisamehe ule mwanamuke. Juu ya nini ulibadilisha?"

Nikaanza kuzihesabu betri.

"Ulikuwa unaogopa nini, Adija?"

Episodi ya saba ikaanza, wakaniita. Nilitafsiri vibaya, bila sauti za watu, kama karani. Mwishoni Orvane anakamatwa. Jumamosi ijayo ni kesi yake. Jaji atamuuliza mbele ya mji wote, naye atalazimika kujibu.

Nyumbani Mama hakuwa amelala bado. Aliuliza: "Ule mwanamuke, kweli alisikia?"

Nikasema ndiyo, Mama. Alisikia.

Akasema: "Ee." Akaenda kutawadha.

Alhamisi, 29 Agosti

Mtaa mzima unajua ni Jumamosi. Muuza mishikaki ameniahidi mshikaki wa bure nikisema kweli, na miwili nikimwokoa Orvane. Bandarini Rénovat amepokea viapo vya watu sita kwamba watakubali hukumu yoyote. Sylvère ataleta kitabu, atakaa na kidole kwenye ukurasa. Eti shahidi!

Pascaline hajaja kwetu tangu siku ile. Leo nilimwona sokoni. Alinisalimia vizuri. Vizuri mno.

Nimemwambia Mama asije Jumamosi, karakana itakuwa na joto. Akanitazama kama alivyonitazama nikimwibia sukari nikiwa mdogo. "Niko nakuja," akasema.

Jumamosi, 31 Agosti

Naandika hapa hapa karakanani, goti ndiyo meza. Daftari nililileta kuandika maneno magumu ya jaji. Umeme umekatika!! Saa kumi na moja na dakika ishirini, mlango uko wazi, jua lote liko ndani na televisheni ni nyeusi. Watu wanapiga mayowe, wanaitukana kampuni ya umeme na ukoo wake. Moubarak yuko nje anavuta kamba ya jenereta. Imegoma.

Umekatika wapi? Kwenye neno lenyewe! Mahakama imejaa. Orvane amesimama na minyororo. Jaji ameuliza: Siku ile, ulimsikia aliyekuwa akigonga? Nimelitafsiri hilo swali sawasawa, sikuongeza, sikupunguza. Orvane akainua uso. Akafungua mdomo. Giza kwenye kioo.

Rénovat anapita akikusanya kura kwenye kofia. Sylvère anasoma ukurasa kwa sauti na hakuna anayemsikiliza. Nilitaka kucheka. Badala yake naandika.

Pascaline ameingia kwa kuchelewa, amesimama ukutani, peke yake.

Nilikwenda kwa Mama. Nikamnong'oneza: Mama, twende nyumbani, nitamwachia Sylvère atafsiri. Leo hana sinia. Mikono mitupu mapajani. Akasema, wala hakunong'ona: "Apana. Utasema we. Na useme vile anasema."

Watu wa karibu wakatutazama.

Kisha akageuka: "Pascaline, mwanangu. Njo ukae hapa kando yangu."

Pascaline akaja. Sijui kwa nini alikuja mbio hivyo. Mama akamsogezea nusu ya kiti chake, akaushika mkono wake, akaufunika kwa mkono wa pili. Akamwambia, nimesikia kila neno: "Tungojee ule amalize kusema. Akimaliza, mi pia niko na neno. Ni juu ya lango yetu."

Pascaline hatazami televisheni tena. Anamtazama Mama. Halafu mimi. Halafu Mama.

Jenereta imekohoa. Imezima. Moubarak anavuta tena — imewaka! Wanapiga makofi. Kioo kinacheza mistari, picha inarudi; kumbe kituo nacho kilizimika, maana Orvane yuko pale pale na minyororo yake. Amesema. Fupi, maneno mawili: Ndiyo, nilimsikia.

Moubarak anapunguza sauti.