Bisi za Baba na Ndoo Uliyotutumia

Buganguzi, Muleba,
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa shemeji yangu Buberwa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Agnetha na watoto, na kwamba baridi ya huko Arusha imeanza kuwaachia. Kifua chako kinaendeleaje? Siku ya mazishi ya baba ulikohoa mpaka nikakuonea huruma. Kunywa tangawizi, acha uvivu.

Sisi huku tunapumua. Lilian amepona na amerudi shule. Alexander ameniacha kwa urefu, suruali zote zimekuwa kaptula. Mvua zimeanza kudondoka na kahawa ya upande wa chini, pale alipolala kaka yako Gozbert, imechanua nyeupe yote. Mume wangu angeiona angefurahi.

Nimekupigia simu mara tano tangu uondoke, hupokei. Sawa. Hata ungepokea, haya si maneno ya simu, maana huku simu moja inasikilizwa na ukoo mzima. Ndiyo maana nimempa Rwekaza wa kwaya yetu, anayekuja huko kumwona binti yake, akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Shemeji, wanasema nimemuua baba yako.

Najua ulisikia minong'ono kabla hujapanda basi. Sasa si minong'ono tena. Baba mdogo Joackim ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ya tarehe 27, saa nne asubuhi, hapa hapa uwanjani kwangu. Ajenda ni moja, mimi na watoto tuondoke kwenye kibanja, tuache nyumba na shamba lote la migomba na kahawa. Daktari alipoona mboni za baba zimekuwa kama tundu la sindano, mate yanamtoka na jasho linamtiririka, alisema wazi kuwa ni sumu ya kuulia wadudu. Basi watu wakauliza nani alikuwa anampikia. Adventina. Na nani anafaidi, wakati mzee mwezi wa saba aliandika wosia kwamba upande wa chini uwe wa Alexander? Adventina tena. Hesabu yao ikaishia hapo.

Joackim alisimama mbele ya watu baada ya ibada akasema, "Mama huyu anajua kukaanga bisi. Mzee alizipenda mpaka zikamlaza." Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo. Nusura nimtupie.

Na Klaudia, dada yako wa tumbo moja! Alipojifungua yule mtoto wa mwisho nilikwenda kwake nikamkanda kwa maji ya moto wiki tatu. Juzi alikuja kuchukua shati la baba la ukumbusho, akaja na maji yake kwenye chupa. Nikamkaribisha chai. Akasema amefunga. Akakaa na chupa yake mapajani kama mgeni wa hospitali. Waitu, ndugu yangu, siku ile nililia kuliko siku ya kaburi.

Sasa nikueleze jinsi ninavyopika bisi. Usicheke, nina sababu, na nataka unifuate hatua kwa hatua, kwa sababu mimi mwenyewe nimezipita hatua hizi mara mia nikitafuta mahali nilipomkosea baba.

Mahindi ya bisi nalima mwenyewe, mistari minne nyuma ya jiko. Yakikauka napukuchua, natia kwenye chupa za maji pamoja na majivu ya maganda ya maharage. Dawa ya dukani haijawahi kugusa mahindi yangu, Alexander ni shahidi, yeye ndiye anayechekecha majivu. Naweka sufuria nzito juu ya mkaa uliokwisha kushika, mafuta ya alizeti yafunike chini tu, natupia punje tatu. Zikipasuka zote tatu, namwaga nyingine, kiasi cha kufunika sufuria mara moja tu zisipandane, nafunika, natikisa. Hapo mlio unaanza na Lilian anaanza kucheza. Mlio ukipungua mpaka unaweza kuhesabu, naepua, maana ukingoja punje ya mwisho unakula majivu. Chumvi natia zikiwa za moto bado, ishike.

Watoto hula palepale kwenye sufuria. Jumamosi ile, siku moja kabla baba hajaugua, tulikula sisi watatu na yule mama jirani aliyekuja kuomba moto. Punje zilezile, mafuta yaleyale, chumvi ileile. Hakuna aliyeumwa hata kichwa.

Za baba ndizo zinazowekwa. Nazimwaga kwenye ungo, naacha zipoe kabisa, kwa sababu ukizifungia na mvuke wake kesho zinalegea kama karatasi iliyolowa. Zikipoa zinaingia kwenye chombo kisichopitisha hewa, zinakaa wiki nzima zikivunjika mdomoni. Zamani nilitumia kopo la maziwa ya unga, lakini mfuniko wake ulikuwa umepinda. Ndipo mwezi wa saba ikafika ndoo yako.

Ndoo nyeupe, mfuniko unaofunga mpaka unasikia "kwa!", ndani mna sukari, vitenge viwili na betri za redio ya baba. Tulikushukuru, shemeji. Baba aliizungusha mikononi akasema mwanangu anayetunza stoo kwenye shamba la wazungu la maua hajanisahau. Karatasi ya nje ilikuwa imebanduliwa, imebaki gundi. Nilidhani ni ndoo ya rangi, kama zile ambazo kila nyumba hapa inachotea maji. Niliiosha kwa sabuni mara mbili nikaianika. Kulikuwa na kaharufu. Nikasema ni harufu ya upya. Hilo ni kosa langu na nitalisema mbele ya Mungu na mbele ya Joackim, pua yangu iliniambia na mimi nikaipuuza.

Baba, unajua, magego yalikwisha. Bisi alikuwa hazili kavu. Aligeuza mfuniko wa ndoo akaufanya sahani, akamwaga bisi humo na maziwa ya moto juu, akangoja zilainike, kisha akanywa na yale maziwa yaliyobaki kwenye ukingo. Alifanya hivyo mara ya kwanza Jumamosi ile saa kumi, akafanya tena Jumapili tulipotoka kanisani. Lilian alidokoa kwa vidole viwili kutoka kwenye mfuniko ule. Jioni mtoto alitapika, na babu yake akaanza kutetemeka. Jumatatu asubuhi hatukuwa naye tena. Sasa wanasema Lilian nilimwonjesha makusudi ili nisishukiwe. Mimi! Mwanangu!

Wiki iliyopita Alexander aliokota ndoo ile kwenye migomba nyuma ya choo. Akaugeuza mfuniko akawawekea kuku maji. Kufika saa sita mchana, kuku watatu chini, miguu juu. Nilichukua kisu nikaung'oa ule mpira mweusi unaozunguka ndani ya mfuniko. Chini yake kulikuwa na uji mweupe mzito, umejificha katika mfereji mzima, ambao hakuna sabuni ingeufikia. Nilimpelekea bwana shamba. Hakuugusa kwa mkono. Alisema ni dawa ya wadudu ya mashamba makubwa, ile ya kuchanganya na maji mengi, na kwamba ndoo zake hutobolewa na kuharibiwa, hazipelekwi nyumbani kwa mtu.

Hukukusudia. Nalisema kabla hujaanza kujitetea. Uliiona ndoo nzuri inatupwa, ukamkumbuka baba. Hata mimi ningeichukua.

Lakini, Buberwa, ndoo ilifikaje kwenye migomba? Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake siku ya mazishi. Uliingia chumbani kwa baba kuchagua suti ya kumzikia. Ukatoka na kitu kimefungwa ndani ya koti lako, ukazunguka nyuma ya choo, ukarudi mikono mitupu, macho mekundu. Nilidhani umekwenda kulia mahali pa faragha. Kesho yake uliondoka bila kula, hukunitazama usoni. Nikasema ni uchungu.

Ulijua. Tangu siku ile ulijua, ukapanda basi ukaniachia maiti ya baba yako shingoni.

Nimekasirika, sitakuficha. Nimekasirika mpaka maneno ya sala yananikwama. Ukoo unanitazama kama nyoka aliyeingia ndani, wanangu wanasemwa shuleni, na mtu pekee mwenye neno la kuninusuru ananyamaza kwa kuogopa kazi yake na kuogopa kuitwa aliyemuua baba. Unadhani jina hilo ni zito? Mimi nimelibeba mwezi mzima, nalala nalo, naamka nalo.

Sijamwambia mtu habari ya ndoo, isipokuwa bwana shamba, naye hakuuliza ilikotoka. Mpira ule nimeufunga kwenye nailoni, uko juu ya dari. Kwenye kikao ningeweza kuutoa na kulitaja jina lako, nikawa huru kabla ya saa tano. Nilipanga hivyo. Halafu nikawaza, watasema mjane anamsingizia mtoto wa mzee ili abaki na kibanja. Bila wewe neno langu si kitu hapa. Na hata wangeniamini, sitaki baba ajulikane aliuawa na ndoo ya mwanawe kwa mdomo wangu. Inatakiwa itoke kwako.

Kwa hiyo nakuomba uje. Basi la Alhamisi linakufikisha Ijumaa. Chumba kiko tayari, nitakupikia, na ukiogopa kula kwangu njoo na chupa yako kama Klaudia, sitanuna. Simama, sema mambo matatu tu: "Ndoo ilitoka kwangu, sikujua ina nini, na niliificha." Nitasimama pembeni yako. Atakayekurushia neno atanirushia na mimi.

Usipokuja nitausimamisha ukweli peke yangu, na jina lako nitalitaja, kwa sababu Alexander hana mahali pengine pa kumzika mama yake.

Nisalimie watoto wote, na yule mdogo mwambie mama mkubwa Adventina anamwombea mitihani. Baba mdogo Joackim hajui nakuandikia, kwa hiyo hana salamu. Alexander na Lilian wanakusalimu kwa heshima, hawajui lolote juu yako, wanauliza tu utakuja lini.

Msalimie sana Agnetha. Jana alinipigia, katika mazungumzo akasema anaweka mchele kwenye ndoo nyeupe, pacha wa ile ya kwetu. Nilimwambia aumwage wote saa ileile na ndoo aichome visu. Alishangaa, lakini alitii. Akaniuliza sababu. Nikamwambia atamwuliza mume wake.

Mungu aliyetuona wote wawili siku ile akulinde njiani.

Ni mimi, mjane wa kaka yako, nisiyeacha kukupenda na nisiyemuua baba yako,

Adventina