Mheshimiwa wa Mpakani

Jumatatu, 4 Machi

Fundi kaniambia leo bila kunitazama usoni: kisiki kile kikibaki, yeye hachimbi msingi. Mizizi itaoza, mchwa watahamia, ukuta utapasuka, halafu lawama zote kwa fundi. Na ikifika Jumatatu ijayo hajaanza, anakwenda kwa mteja mwingine. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao mimi.

Visiki vidogo nimeshavitoa mwenyewe. Kimebaki hiki kimoja, kipana kama meza, kimekaa nusu kwangu, nusu kwa kaka. Nimekipa jina la Mheshimiwa. Muda wake umeisha, kila mtu anajua umeisha, na bado yupo kitini.

Siku tuliyogawana kiwanja cha baba, kaka alisema mbele za watu: "Mpeni huko kwenye visiki. Atachoka mwenyewe." Tangu hapo hatusemeshani, mwaka wa pili sasa. Salamu, habari, hata misiba — vyote vinapitia kwa wifi. Na mimi sijachoka. Mgongo ndio umechoka.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Nimefukua mzizi mmoja mnene, nikaukata kwa raha zangu zote. Kumbe ndio uliokuwa umeshikilia banda la kuku la kaka. Banda likainama. Mlango ukafunguka wenyewe. Kuku wakatoka mmoja mmoja, bila haraka, wakaja kula funza kwenye shimo langu.

Kaka katoka na fulana ya ndani. Lori lake liko gereji, kwa hiyo wiki hii anashinda nyumbani. Kasimama karibu kabisa na mimi, kisha kamwita mkewe.

"Mwambie wifi yako amevunja banda."

"Wifi, umevunja banda," kasema wifi, mikono imejaa unga.

"Mwambie mumeo pole. Mzizi haukuniambia kwamba umebeba kuku."

"Anasema pole."

"Nimesikia. Muulize anakata mzizi au anakata kitunguu? Shoka halishikwi hivyo."

Wifi akanitazama mimi, akamtazama mumewe, akawatazama kuku. Akasema yeye si simu, ana sufuria motoni, tukitaka mjumbe tutafute mwingine. Akaingia ndani. Nampenda sana yule mwanamke.

Tukabaki tumesimama. Kaka kakohoa. Halafu kakigeukia kisiki — jina lake analijua, atakuwa amenisikia nikikitukana — kasema, "Mheshimiwa, mwambie huyo alinoe kwanza hilo shoka."

Nilitaka kucheka, nikajikaza. "Mheshimiwa, mwambie huyo kwamba tupa sina."

Haukupita muda, tupa ikatua miguuni pangu. Mpya, haijafunguliwa hata karatasi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Shimo limejaa, Mheshimiwa anaoga. Mimi nimekaa kibandani na mifuko ya saruji. Kibanda cha mabati, kinavuja pembe zote. Saruji nimeifunika shuka, mimi nimejifunika koti. Saruji ikiganda, ndoto ya nyumba nayo imeganda.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nimesikia sululu. Si yangu. Kaka anachimba upande wake, suruali kaikunja hadi magotini. Nikachukua jembe, nikaanza upande wangu. Hakuna salamu.

Tukabishana mpaka jua likawa kali, kwa kupitia Mheshimiwa. Yeye anataka kushambulia katikati, apige shoka shinani. Mimi nataka kuanzia ncha za mizizi, nizilegeze moja moja, nirudi ndani.

"Mheshimiwa, mwambie huyo nywele zilizosokotana hazifumuliwi kuanzia kichwani."

"Mheshimiwa, mwambie huyo hapa si saluni."

"Mwambie huyo mwenye saluni ni mimi, najua ninachosema."

Kafanya ubishi wake, kapiga shina mpaka mpini umepasuka. Nikaendelea na ncha zangu kwa heshima zote. Alasiri nikamwona kachuchumaa kule mbali, anafukua ncha. Nikajifanya sijaona.

Halafu bila kuinua kichwa: "Mheshimiwa, muulize huyo kama amekula."

Mheshimiwa hakujibu. Nikajibu mimi kwamba bado. Wifi akaleta sahani mbili, akaziweka juu ya kisiki, akaenda zake. Chakula kilikuwa kizuri. Machozi yalinitoka nikasingizia udongo.

Jioni nimemsuka mteja mmoja. Kalalamika mikono yangu inamkwaruza kichwa. Nimemwambia ni huduma mpya.

Ijumaa, 8 Machi

Kaka kaleta jeki ya lori! Tumeichomeka chini ya Mheshimiwa. Jeki ikazama kwenye matope, Mheshimiwa hata hakujisumbua. Nikatoa ubao wangu wa dirisha, ule mzuri niliokuwa nauficha, tukautandika chini. Kaka akazungusha. Kitu kikalia kule chini, krrr, na kisiki kizima kikainuka kiasi cha kidole.

Tukapiga kelele pamoja. Halafu tukakumbuka kwamba hatusemeshani.

Kaka kaushika tena mpini wa jeki. "Mheshimiwa," kasema. "Muulize huyo. Amechoka?"

"Mwambie hapana."

Aliendelea kuzungusha ule mpini muda mrefu, na jeki ilishafika mwisho.

Jumamosi, 9 Machi

Ametoka.

Fundi alikuja na kamba, akavuta kwa mbele, kaka kwenye jeki, mimi na mtaimbo. Mzizi mkuu ulikatika kwa mlio niliodhani ni wa mgongo wangu. Mheshimiwa akabingirika, akalala miguu juu. Fundi akampigia saluti. Kesho, kasema, anapima, ingawa ni Jumapili, na Jumatatu anachimba.

Nilitegemea kufurahi. Kaka alifungua mdomo, akageukia pale kisiki kilipokuwa. Shimo tu. Akaufunga mdomo, akaokota jeki yake, akaondoka. Mimi nikafuta mtaimbo ambao ulikuwa safi.

Kutwa nzima hakuna neno. Tumemng'oa mkalimani wetu. Najiona mjinga kutamani kisiki kirudi, lakini ndiyo hivyo, natamani.

Jumapili, 10 Machi

Fundi kafika mapema, kapigilia vigingi, kavuta kamba za msingi. Nilikuwa namshikia upande mmoja, nikamwona kaka ukingoni mwa shimo. Amevaa shati la kutokea.

"Wewe," kasema. Wewe tu. Kwangu, si kwa mtu mwingine.

Nikaikaza kamba mkononi.

Akatazama kamba. "Mlango utakuwa wapi?"

Fundi, mdomo wake hauna breki, akamjibu. Mlango barabarani. Upande huu wa kaka ukuta mtupu, hata dirisha hakuna, ndivyo mwenye nyumba alivyochora. Na ni kweli. Nilichora hivyo usiku wa siku ile ile ya kugawana, nikihakikisha kila atakapotazama huku aone kisogo cha nyumba yangu.

Kaka akaitikia kwa kichwa, taratibu. Sikumwona kukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Basi niweke vigingi vya mlango upande wa barabarani?" kauliza fundi. Nikasema nafuata maji.

Niko kibandani. Naandika nimesimama, ndoo tupu iko miguuni. Kwenye ufa wa bati namwona fundi, vigingi viwili mkononi, anatazama huku na huku. Kaka hajaondoka. Amechuchumaa kwenye udongo na shati lake zuri, anasubiri.

Kaka. Nimelijaribu neno hilo humu ndani, kwa sauti ndogo, nione kama bado naweza kumwita. Naweza.

Fundi anauliza tena vigingi aviweke upande gani, barabarani au huku kwa kaka.