Duara la Tatu Kwenye Ramani

Mwanangu, umeiona ramani kabla hujaweka kikombe juu yake? Maharage yako jikoni, yapashe moto polepole yasiungue. Mjukuu wangu akatwe kucha.

Asubuhi uliponiuliza tuhamie upande gani, nilisema popote, na mkeo akacheka, “Mama naye, kila kitu popote.” ~~Sina neno.~~ Ninalo. Mmechora maduara mawili, kazini kwako na shuleni kwa mtoto, yote magharibi ya jiji. Baba yako tulimzika mashariki, kabla hatujatimiza miezi miwili katika nchi hii. Ndiko nilikokwenda, mabasi matatu. Nitarudi saa kumi.

Duara la tatu nimelichora mimi, kwa penseli ya mtoto. Nataka nyumba ambayo nikitoka naweza kumfikia baba yako kwa miguu.

Mama