Pazia la Ukumbi wa Baba

Ujiji,
9 Mei 1998

Kaka yangu mpendwa Yassir,

Asalaam aleikum. Namwomba Mola barua hii ikukute huko Tabora ukiwa mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto hunikumbusha umri kila nikirukuu. Dagaa ni wengi mwezi huu. Nimekukaushia debe moja, litakuja na msafiri wa kwanza nitakayemwamini.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kwamba mwezi ujao unakuja kuufungua tena ukumbi wa sinema wa baba, safari hii kwa video, na kwamba unataka nikuandikie historia yake uisome siku hiyo. Shule niliishia darasa la nne, lakini ukumbi ule naujua.

Andika kwamba baba aliujenga kwa biashara ya mawese. Andika kwamba Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya wanawake tu, tukiingia na mabuibui yetu na watoto mgongoni, na Dismasi, mwendesha mashine, akitoa kichwa kwenye kidirisha chake kututafsiria Kihindi, lugha asiyoijua hata neno moja. Jambazi wa kwenye picha aliongea kama mchuuzi wa dagaa, na mama mkwe alilalamika kwa Kiha. Nasi tulilia kweli kwa maneno aliyoyatunga yeye.

Andika pia kwamba mwaka juzi, watu walipovuka ziwa kukimbia vita ya Kongo, wewe uliagiza mlango ufunguliwe wakalala humo. Mungu akulipe.

Sasa kuna sehemu usiyoijua. Soma ukiwa umekaa.

Wajua mimi huosha maiti wa kike. Wiki ile kipindupindu kilipowaingia wale waliovuka ziwa, bafta ya sanda iliisha Ujiji nzima. Siku moja nilikabidhiwa watatu humo ukumbini, bibi mmoja wa Fizi, huko Kongo, na wajukuu wake wawili wa kike. Nilikwisha kuwaosha, bwana afya anatuhimiza tuzike, na mkononi nina khanga moja ya kuazima. Nikainua macho, nikaliona pazia lako la kuonyeshea picha, bafta tupu, jeupe.

Nilipanda juu ya viti nikalikata kwa kisu cha samaki. Nililifua mara tatu, maana limewahi kuonyesha wacheza ngoma wasiojisitiri, nikaona haya kuwapeleka wafu nalo vile. Walizikwa nalo likiwa bado bichi. Mama wa wale wasichana aliniuliza nimepata wapi bafta nzuri namna ile. Nikamwambia ni sadaka ya kaka yangu. Sikutaka aishi akijua wanawe walivikwa kitambaa cha sinema.

Huo ulikuwa uongo wa kusema. Wa pili ulikuwa wa kunyamaza. Ulipokuja mwezi uleule ukakuta fremu tupu, ulimnyang'anya Dismasi ufunguo mlangoni, mbele ya watu, ukamwita mwizi. Nilikuwepo, kaka. Nilitazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo anashona nyavu mwaloni, na vijana wakipita humwuliza, Mzee Pazia, leo picha gani? Huwajibu kwamba leo ni zamu ya wanawake, wakawaite mama zao.

Ijumaa iliyopita sheikh alisema haki ya Mungu husamehewa na Mungu, lakini haki ya mja sharti uiombe kwa mwenyewe. Jana nikaenda mwaloni, nikamweleza Dismasi yote. Hakuacha kushona. Akasema alijua tangu siku ile, alikiona kisu changu juu ya kiti, akakirudisha jikoni kwangu. Nilipomwuliza mbona hakujitetea, alisema yule mama wa wasichana alikuwa bado analala mle ndani, angesikia. Kisha akaniambia, Bi Siwema, usiukanyage wavu.

Kwa hiyo nakuomba, siku ya ufunguzi usimame palepale mlangoni, useme Dismasi hakuiba, aliyelichukua pazia ni dada yako. Usiseme nililichukua kwa kazi gani. Mama yule yuko kambini, na maneno hufika. Waache wanione mwizi.

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Kipande kilichobaki, chenye matundu ya kamba, nimekikunja juu ya debe la dagaa. Kikifika mkononi mwako, tamka kwa mdomo wako kwamba umewahalalishia wale watatu sanda yao.

Ni mimi dada yako,
Siwema