Mlango wa Futi Nne

Musoma

Mdogo wangu Damasi,

Sisi huku tunaamka vyema, isipokuwa mimi ninayesumbuliwa na goti mvua inaponyesha. Wewe, mkeo na watoto mnaendeleaje? Na mama je? Umeniandikia kwamba "yupo". Kuwapo si hali ya afya.

Nimevipata vipimo vya chumba mnachokiongeza hapo Msamala ili mama ahame Lusewa na kukaa nanyi. Nimevisoma mara kadhaa na havinipendezi. Mlango wa chumba cha kulala hutosha futi mbili na nusu. Tatu ni anasa. Wewe umeandika futi nne, ufunguke upande wa barabara, tena bila kizingiti. Dirisha nalo ni pana kuliko la sebuleni, na mmeliweka chini mno, usawa wa magoti ya mtu mzima. Nilipofumba macho niliona bidhaa zimepangwa pale, zikiwasubiri wapita njia.

Mimi si mtoto, Damasi. Tangu biashara ya watu binafsi iliporuhusiwa, ni nadra kuona nyumba ya kando ya barabara ambayo haijatobolewa ukuta. Hata huku, mwalimu mwenzangu alitangaza kwamba anajenga chumba cha wageni. Leo wageni wanaolala humo ni magunia ya sukari. Kwa hiyo nilianza kukuandikia barua nyingine, kali kuliko hii, nikikuuliza mama atalala wapi magunia yakishaingia.

Mke wangu aliikuta mezani akaisoma bila ruhusa.

"Baba Agnesi, umemwita mdogo wako mwizi."

"Sijamwita. Nimemwuliza."

"Duka gani lina dirisha la magotini? Wateja wapige magoti kama wanapokea komunyo?"

Nilimjibu kwamba wafanyabiashara wa siku hizi hawana utaratibu. Hakunisikiliza. Aliichukua barua yako akaisoma upya.

"Mama anatembea?" aliuliza.

"Hakuna aliyesema hatembei."

"Na aliyesema anatembea ni nani?"

Kisha aliweka kidole pale ulipoandika "chumba atakacholazwa mama". Mimi nilikuwa nimelikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "atakacholala", kwa kuwa nilidhani umekosea kitenzi. Nimefundisha kauli ya kutendwa miaka mingi, lakini sikujiuliza ni nani atakayemlaza.

Sasa nakushuku kwa jambo jingine, na hili ni zito zaidi. Mnanificha. Pengine mama mwenyewe amekukataza, nisije nikaacha kazi. Pengine umeyaogopa maneno yangu, na kwa hilo siwezi kukulaumu sana. Niandikie sentensi iliyo kamili: mama anasimama, au hasimami? Kama alianguka, alianguka lini, na nani alikuwapo?

Mlango ubaki kama ulivyoandika. Ila bila kizingiti maji ya mvua yataingia. Mwambie fundi aiinue sakafu kidogo na aiteremshe polepole kuelekea nje, ili kiti cha magurudumu kipite bila kurushwa. Dirisha asilipime kuanzia sakafuni. Kiingizeni kwanza kitanda, mtu alale juu yake, ndipo fundi apime kutoka pale macho yanapofika. Nondo za dirisha zisimame wima, zisilale, zisije zikamkatia mama nyuso za watu wa barabarani anapotazama nje. Na kitasa cha mlango kiwe chini, aweze kukifikia akiwa amekaa, maana hapendi kufunguliwa milango.

Msalimu shangazi wa Lusewa, na yule katekista uliyeandika kwamba alimpa mama sakramenti, kama kweli alimpelekea nyumbani kama ninavyoanza kufikiri. Msalimu mkeo. Kama ndiye anayemlaza na kumgeuza, mwambie shemeji yake anamshukuru, na kwamba sikuyasema haya kwa sababu sikuyajua.

Mama mpe shikamoo yangu. Usimwambie kwamba nimejua. Shule itakapofungwa nitakuja, nami nitashangaa mbele yake kama anavyotaka.

Kaka yako,
Kristofa